Viendelezi vya Kulinda Faragha Mtandaoni na Maneno Yake: Mfano wa Sumbawanga

Neno faragha ni la zamani katika Kiswahili. Asili yake ni Kiarabu, ambako mzizi wake una maana ya utupu na nafasi, na katika lugha yetu limetumika kwa mambo mawili yanayokaribiana: mahali palipotengwa ambapo mtu hatazamwi, na wakati ambao mtu hana jambo la kumshughulisha. Mtu akimwambia mwenziwe kwamba ataka kusema naye faragha, maana yake ni kuwa waondoke barazani waende pasipo na sikio la tatu. Ni neno la nyumba, la pazia na la chumba cha ndani. Siku hizi limepewa kazi nyingine. Twalikuta katika mipangilio ya simu, chini ya kurasa za magazeti na katika masharti ya mabenki, na wengi wanaolisoma humo hawaoni chumba wala pazia. Hawajui wanatazamwa na nani, wala mtazamaji amesimama wapi.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa Kiswahili sehemu moja ya faragha hiyo mpya, yaani namna kurasa za mtandao zinavyomwandama msomaji wake, na namna programu ndogo ziitwazo viendelezi zinavyoweza kukata mwandamo huo. Na kwa kuwa wasomaji wa jarida hili ni watu wa lugha, nitasimama mara kwa mara kuyapima maneno yenyewe. Nitakalojaribu kuonyesha ni kwamba katika jambo hili jina lililokosewa humwondolea mtu ulinzi wake, hata kama programu ya kumlinda ipo na haina bei.

Mfano wangu ni mji wa Sumbawanga na nyanda za juu za Ufipa, nchi ya baridi na mahindi iliyoinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Nimeuchagua kwa sababu ya lugha zake. Mfipa wa kijijini huzungumza Kifipa nyumbani na shambani. Akienda sokoni, shuleni, zahanati au ofisini hutumia Kiswahili. Naye akifungua simu yake hukutana na Kiingereza. Ombi la kumtaka akubali kufuatwa humjia mara nyingi kwa lugha hiyo ya tatu, au kwa Kiswahili kilichofasiriwa upesi kutoka lugha hiyo. Tena Sumbawanga haiko pembeni mwa jambo hili kama mtu wa Dar es Salaam awezavyo kudhani. Mjini kuna wanafunzi wa Kampasi ya Rukwa ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kuna maofisa wa serikali na wafanyabiashara wa nafaka, na zipo steshenari ambazo vijana huingia kupeleka maombi ya mikopo ya masomo na ya ajira kwa njia ya mtandao. Wengine wote hutumia simu zao na vifurushi wanavyonunua kwa siku au kwa juma.

Tuseme basi kwamba mkulima wa Laela anataka kujua bei ya mahindi, naye anafungua ukurasa wa gazeti katika simu yake. Kwa fikira zake wako wawili tu, yeye na gazeti. Lakini ukurasa wa gazeti hauji kama karatasi moja iliyokwisha kupigwa chapa. Unakuja kama waraka wa maagizo: picha hii katafute kwa fulani, umbo la herufi hizi kalichukue kwa fulani mwingine, tangazo lililo juu litoke kwa kampuni hii, na hesabu ya wasomaji ikafanywe na kampuni ile. Kivinjari ni mtumishi mtiifu. Huyapokea maagizo hayo yote na kubisha hodi katika kila nyumba iliyotajwa. Kila nyumba iliyobishwa hodi hupata habari kidogo: anwani ya intaneti ya simu ile, aina ya simu na ya kivinjari, saa, na kwa kawaida jina la tovuti aliyokuwamo msomaji, na pengine ukurasa wenyewe. Wengi wa wenye nyumba hizo mkulima hajapata kuwasikia maishani mwake.

Hapo ndipo kinapoingia kidakuzi. Mwanzoni mtandao haukuwa na kumbukumbu. Kila mara mtu alipofungua ukurasa alionekana kama mgeni aliyefika siku hiyo hiyo. Mwaka 1994 Lou Montulli, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Netscape, alibuni kijikaratasi cha maandishi ambacho seva hukikabidhi kivinjari, na kivinjari hukirudisha kila kinapokuja tena. Kusudi lilikuwa jema: duka lisisahau vitu ambavyo mnunuzi amekwisha kuvitia katika kapu lake. Lakini kijikaratasi hicho chaweza kutolewa pia na wale majirani walioitwa na ukurasa, wasiokuwa gazeti wala msomaji. Mkulima wetu akiisha kusoma bei ya mahindi, na usiku akafungua tovuti nyingine kabisa kutafuta dalili za ugonjwa unaomsumbua mkewe, ikiwa tovuti zote mbili zimeiita kampuni ile ile ya matangazo, kampuni hiyo hupokea kijikaratasi chake na kumtambua. Haihitaji jina lake. Inatosha kujua kwamba aliyeuliza mahindi ndiye aliyeuliza ugonjwa.

Watu wanaofuata hivyo ni wangapi? Mwaka 2016 Steven Englehardt na Arvind Narayanan wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walichapisha matokeo ya kuzipima tovuti milioni 1. Walikuta makampuni na seva za watu wa tatu zaidi ya 81,000 zilizoonekana katika tovuti mbili au zaidi; lakini ni 123 tu miongoni mwao zilizoonekana katika zaidi ya asilimia 1 ya tovuti hizo. Hesabu hiyo ya pili ndiyo ya kuangaliwa. Wadogo ni wengi mno, lakini wanaoweza kumwona mtu karibu kila aendako ni wachache, na ndio wenye picha kamili ya maisha yake.

Sasa tuyatazame majina. Kwa Kiingereza kijikaratasi cha Montulli kiliitwa kwa jina la biskuti, nasi tunao watu wasemao kuki. Jina hilo halimtishi mtu. Ni kama kumkaribisha mgeni kwa chai. Wafasiri wa Kiswahili wa makampuni makubwa walichagua njia nyingine wakatumia kidakuzi, na wingi wake vidakuzi. Kwa sikio la Mswahili neno hili liko karibu sana na udaku na mdakuzi, yaani mtu asiyeweza kukaa na habari za watu bila kuzichukua huku na kuzipeleka kule. Hivyo lugha yetu imekipa kitu hicho jina la tendo lake, wakati lugha kilikotoka imekifunika kwa jina la kitafunio. Ni tafsiri iliyoipita asili yake kwa ukweli, jambo ambalo si la kawaida katika istilahi za mitambo. Wako watakaosema kwamba neno hilo linakionea kidakuzi cha duka, kisichofanya ila kukumbuka kapu. Hoja hiyo ina haki, nami naona haina nguvu nyingi: kidakuzi kisicho na madhara chaweza kuelezwa kwa kivumishi, lakini mtu asiyeonywa na jina hasomi kivumishi.

Kinyume chake ni neno kifuatiliaji, linalotumika kwa programu au seva inayomwandama msomaji kutoka tovuti hadi tovuti. Kufuatilia ni tendo la heshima katika Kiswahili cha leo. Mzee wa Matai hufuatilia kiwanja chake katika ofisi ya ardhi. Mwalimu hufuatilia maendeleo ya wanafunzi. Mganga mkuu hufuatilia wagonjwa. Aliyesikia kwamba ukurasa una vifuatiliaji anaweza kudhani kuwa una watumishi wenye bidii. Lugha ilikuwa na maneno makali zaidi. Kuna kudoya, neno la kale la kwenda kuchungulia habari za adui. Kuna kuduhushi, kupekua mambo ya siri ya watu. Na kuna kunyemelea, mwendo wa chui. Hilo la mwisho limekwisha kutufaa mara moja, maana watu wa afya walilichukua wakaunda magonjwa nyemelezi, na neno likaingia vijijini bila taabu. Kinyemelezi kingalieleweka Ufipa kwa siku moja. Hata hivyo nitaendelea kusema kifuatiliaji katika makala haya, kwa sababu ndilo msomaji atakalolikuta katika kivinjari chake.

Neno kivinjari nalo linastahili dakika moja. Kuvinjari kulikuwa kwa chombo kinachozungukazunguka baharini, nahodha akiangalia huku na huku. Ni neno zuri, ila linampa msomaji cheo cha nahodha, na katika mambo niliyoyaeleza hapo juu yeye ni abiria.

Kiendelezi ni programu ndogo inayounganishwa na kivinjari ili kukipa uwezo ambao hakikuzaliwa nao. Viko vya kazi nyingi: vya kufasiri kurasa, vya kuhifadhi maneno ya siri, vya kukuza maandishi kwa wasioona vizuri. Vinavyotuhusu hapa ni vile vinavyosimama kati ya maagizo ya ukurasa na utiifu wa kivinjari. Ukurasa unapoagiza kwamba nyumba fulani ibishwe hodi, kiendelezi huliangalia jina la nyumba hiyo kwanza, na kikiona haifai hulizuia agizo. Yafaa msomaji aelewe vema hatua hii, maana wengi hudhani kwamba kazi ya programu hizi ni kufuta matangazo yasionekane. Kuficha tangazo lililokwisha kufika hakumsaidii mtu neno, kwa kuwa aliyelituma amekwisha kupata habari zake. Kizuizi kizuri hukata safari kabla haijaanza: hodi haibishwi, na kampuni ile haijui kwamba mkulima wa Laela alifungua gazeti siku hiyo. Tena kisichoitwa hakiji, na kisichokuja hakili kifurushi. Mtu anayenunua intaneti kwa shilingi chache za siku huliona jambo hili katika salio lake kabla ya kuliona katika faragha yake, na sidhani kuna ubaya akianzia hapo.

Kiendelezi kinajuaje nyumba mbaya? Njia iliyoenea ni ya orodha. Mwaka 2005 ilianza orodha iitwayo EasyList, nayo imeendelea kutunzwa na watu wa kujitolea hadi leo. Ile dada yake, EasyPrivacy, inashughulika hasa na vifuatiliaji. Ni maandishi matupu, mstari kwa mstari, na kila mstari ni amri: seva ya jina hili, ikiitwa kutoka ndani ya ukurasa wa mtu mwingine, isiitwe. uBlock Origin, kazi ya Raymond Hill iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la uBlock, husoma orodha za namna hiyo na kuzitekeleza kwa wepesi hata katika kompyuta iliyozeeka. Mlinzi wa orodha ni kama askari wa getini aliyepewa majina. Hafikiri, akiona jina hukataa. Udhaifu wake ni kwamba jina jipya ambalo halijaandikwa hupita.

Njia ya pili ni ya kutazama mwenendo. Privacy Badger, iliyotolewa mwaka 2014 na shirika la Marekani la Electronic Frontier Foundation, haikuanza na orodha ya majina. Iliangalia nani anaonekana wapi, na ikiona seva moja ikimwandama mtu katika tovuti tatu zilizo mbalimbali, iliifungia. Ni kama mzee asiyemjua mgeni kwa jina, lakini akimwona akichungulia nyua tatu jioni moja huwaita vijana. Tangu mwaka 2020 kujifunza huko hufanywa kwanza na shirika lenyewe, kisha watumiaji hupewa matokeo; sababu ni kwamba mlinzi anayejifunza kwa kila mtu peke yake huwa na tabia yake ya pekee, na tabia ya pekee yaweza kumtambulisha mwenye nyumba.

Kuhusu orodha kuna jambo linalowapasa watu wa lugha. Watunzaji wake ni wasomaji. Huziona kurasa wanazozisoma, na hupeleka habari za seva walizozikuta humo. Ndiyo sababu ziko orodha za nyongeza za Kijerumani, za Kifaransa na za Kichina, zilizotungwa na wasomaji wa lugha hizo kwa ajili ya tovuti zao. Lugha ambayo wasomaji wake hawachangii orodha hulindwa kwa mabaki ya ulinzi wa wengine: kampuni kubwa za dunia zitazuiwa, kwa kuwa ziko kila mahali, bali seva ndogo inayotumika katika magazeti ya nchi moja yaweza kupita miaka mingi. Kazi hii haihitaji fundi mkubwa. Yahitaji mtu asomaye Kiswahili kila siku na mwenye subira ya kuandika mistari.

Watu husema kwamba jina Sumbawanga lina maana ya "tupa uchawi," na kwamba lilikuwa onyo kwa mgeni: ulichokificha kiache njiani ndipo uingie. Silileti hapa kwa mapambo. Mafunzo ya usalama wa mtandao huanza mara nyingi na maneno yasiyo na picha, kama vile itifaki na usimbaji, na wanafunzi huyasahau kabla ya chakula cha mchana. Katika mji ambao jina lake lenyewe hueleza ukaguzi wa mlangoni, mwalimu hana haja ya kutafuta mfano mbali.

Lakini mlinzi naye hukaguliwa. Kiendelezi cha namna hii, kinapowekwa, huomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha kila kitu katika kila tovuti. Hakiwezi kufanya kazi yake bila hiyo, na ruhusa hiyo hiyo ikiwa mikononi mwa mwovu ni ufunguo wa nyumba nzima. Haya si ya kubuni. Avast, kampuni yenye sifa ya kutengeneza programu za kuua virusi, ilikusanya habari za kurasa walizozifungua watumiaji wake, pamoja na wa viendelezi vyake, nazo zikauzwa kupitia kampuni yake iliyoitwa Jumpshot. Mambo yalipofichuka, Jumpshot ilifungwa Januari 2020, na mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliitoza Avast dola milioni 16.5. Watu walikuwa wameweka programu zile ili walindwe. Liko pia jambo dogo zaidi la kujua: tangu mwaka 2011 Adblock Plus imekuwa ikiruhusu baadhi ya matangazo inayoyaita ya kukubalika, na makampuni makubwa hulipia kuruhusiwa huko. Mtumiaji aweza kuizima ruhusa hiyo, ila sharti ajue kwanza kwamba ipo.

Na juu ya mlinzi yuko mwenye kivinjari. Safari ya kampuni ya Apple ilianza kuzuia vidakuzi vyote vya watu wa tatu mwaka 2020. Firefox iliwasha ulinzi dhidi ya vifuatiliaji kwa watumiaji wote mwaka 2019, na mwaka 2022 ikaanza kukitenga kila kidakuzi katika tovuti yake, kisiweze kusomwa kwingine. Google, ambayo riziki yake kubwa ni matangazo, ilitangaza mwaka 2020 kwamba ingeviondoa vidakuzi vya watu wa tatu katika Chrome; mwaka 2024 iliiacha nia hiyo. Wakati huo huo ilibadili kanuni za viendelezi vya Chrome, na kufikia mwaka 2025 uBlock Origin ikawa haifanyi kazi tena humo. Iliyobaki ni ndugu yake mdogo, uBlock Origin Lite, mwenye uwezo mfupi zaidi. Google husema kanuni mpya ni za usalama. Huenda ni kweli kwa sehemu, kwa maana mkasa wa Avast unaonyesha hatari ya ruhusa pana; lakini haipendezi kuona mwenye kufuata akiwa ndiye mwenye kupanga nguvu za mlinzi.

Twende sasa kwenye simu, ambako Ufipa iko. Yote niliyoyaeleza yanapatikana kwa urahisi katika kompyuta, na watu wengi wa Nkasi na Kalambo hawana kompyuta. Chrome ya simu za Android, inayokuja tayari katika simu nyingi, haipokei viendelezi. Firefox ya Android huvipokea. Mlango wake ulifunguliwa kwa viendelezi kwa wingi Desemba 2023, na uBlock Origin ni miongoni mwao. Kwa mtu wa simu, basi, hatua ya kwanza ni kubadili kivinjari, kisha kuweka kiendelezi. Ni kazi ya dakika chache ambayo mwanafunzi mmoja wa sekondari aweza kuwafanyia jamaa zake wote wakati wa likizo. Opera Mini, inayopendwa na wengi kwa kubana matumizi ya kifurushi, ni jambo jingine: huzipitisha kurasa katika seva za kampuni yake ili kuzipunguza uzito, na kwa hiyo humwongeza mtu wa kati badala ya kumpunguza.

Hata hivyo kiendelezi hulinda mlango mmoja tu, nao ni mlango wa kivinjari. Programu nyingine za simu zina milango yao wenyewe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizokuwa na leseni. Lalamiko kubwa la watu juu ya mikopo ya namna hii lilikuwa kwamba programu huchukua majina na nambari zilizomo katika simu ya mkopaji, na akichelewa kulipa, ndugu, mkwe na mwajiri wake hupelekewa ujumbe wa kumwaibisha. Mtu aliyepatwa na hayo angaliweza kuwa na kizuizi bora cha vifuatiliaji duniani, nacho kisimfae kitu, kwa maana ruhusa aliitoa kwa mkono wake katika programu nyingine, pengine bila kuisoma.

Wala kiendelezi hakimfichi mtu kwa kampuni ya simu inayompa mtandao. Laini za Tanzania zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole mwaka 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungwa Januari 2020. Kwa hiyo kila laini ina mwenyewe anayejulikana. Watu huchanganya pia kiendelezi cha kuzuia vifuatiliaji na VPN, ambayo ni njia ya kupitisha mawasiliano katika seva ya mbali. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka watumiaji wa VPN watoe taarifa zao, na baada ya tangazo lile wako waliodhani kwamba hata kizuizi cha matangazo kimeguswa. Ni vitu viwili mbali kabisa. VPN hubadili njia ya safari. Kizuizi huchagua nani asitembelewe.

Iko namna nyingine ya kumtambua mtu bila kidakuzi. Kivinjari hutaja aina yake, ukubwa wa kioo, herufi zilizomo, lugha na saa ya mahali, na mambo hayo yakijumlishwa huwa ya pekee kwa kifaa kimoja. Electronic Frontier Foundation ililionyesha hili kwa jaribio la mwaka 2010. Viendelezi husaidia kwa kuizuia seva inayouliza, ila haviwezi kuibadili sura ya simu yenyewe. Kwa Kiingereza utambuzi huo huitwa kwa jina la alama ya kidole, na wafasiri wetu wameanza kuandika alama za vidole za kivinjari. Nawasihi waache. Katika nchi ambayo kila mwenye laini ameweka kidole chake juu ya kioo cha wakala, msomaji wa Sumbawanga atadhani kwamba ukurasa wa gazeti umechukua alama alizotoa siku ile. Sura ya kifaa ingetosha, na isingemdanganya mtu.

Katika steshenari hatari ni nyingine tena, nayo haina uhusiano na kampuni za mbali. Kijana aliyejaza ombi la mkopo akaondoka bila kutoka katika akaunti yake ameiacha wazi kwa atakayeketi baada yake. Hapo linalofaa ni dirisha lililoitwa hali fiche, linalofuta historia na vidakuzi likifungwa. Lakini hali fiche ni jina linaloahidi mno. Humficha mtu kwa anayefuata kitini. Seva ya upande wa pili humwona kama kawaida.

Sheria haikunyamaza. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 16, hulinda maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa tarehe 3 Aprili 2024. Neno lenye uzito katika sheria za namna hii ni ridhaa. Nalo ni neno lililochaguliwa vema, kwa kuwa kuridhia ni kwa moyo. Mtu aweza kukubali huku amekunja uso, ila hawezi kuridhia hivyo. Sasa tuufungue ukurasa. Chini yake patatokea kibonyezo kikubwa chenye rangi, kimeandikwa "Accept all," au kwa Kiswahili "Kubali zote," na kando yake maandishi membamba ya "Dhibiti mapendeleo." Zote nini? Mapendeleo ya nani? Mkulima wa Laela anataka bei ya mahindi, atabonyeza kikubwa. Sheria imeomba ridhaa, na kibonyezo kimechukua kukubali.

Wenye mamlaka ya istilahi, yaani BAKITA, BAKIZA na taasisi za vyuo vikuu, wameunda maneno mengi ya kompyuta tangu miaka ya 2000, na sehemu kubwa yake ni majina ya vitu: kipanya, kibodi, tovuti, barua pepe. Vibonyezo vya ridhaa vimeachiwa wafasiri wa makampuni, ambao hulipwa na yule anayetaka kibonyezwe kile kikubwa. Ningependekeza vianze kujaribiwa kwa wasomaji wenyewe, sokoni Sumbawanga na katika miji midogo ya Namanyere na Matai, kwa sentensi kamili badala ya vitenzi vikavu. "Ruhusu makampuni mengine yanifuate" na "Usiruhusu," yaandikwe kwa herufi za ukubwa mmoja, kisha wahesabiwe wanaobonyeza kila upande.